Akriliki Ana Ngozi Laini

Tulipokuwa wadogo, mimi na dada yangu tulimchukia mtoto mmoja ambaye hatukuwahi kumwona. Jina lake Akriliki. Kila siku mama alimwogesha kwenye nyumba kubwa alikofanya kazi ya usafi, na akirudi alitusimulia habari zake huku akijikanda magoti.

"Akriliki hataki sabuni ya unga," alisema. "Hataki brashi, hataki waya wa kusugulia masufuria. Ana ngozi laini yule. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo tu, na kitambaa laini. Halafu umkaushe. Ukimwacha na maji, anashika madoa."

Sisi alitusugua kwa dodoki kavu na sabuni ya kufulia, tumesimama kwenye karai uani, tunalia.

"Kwani sisi ngozi zetu za nini?" dada aliuliza siku moja.

"Zenu za kazi," mama akajibu, akammwagia kopo la maji baridi kichwani.

Ndevu zilikuwa zimeshaniota nilipojua kwamba Akriliki si mtoto wa mtu. Rafiki yangu fundi bomba ndiye aliyenieleza: ni jina la plastiki ngumu inayotengenezewa mahodhi ya kuogea ya wenye nazo. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalikumbuka dodoki.

Tangu hapo nimesimama juu ya makreti ya soda kwenye mageti ya viwanda na hoteli, nikiwaambia wafagizi na wafua nguo waache kuinama. Shule yangu ilikuwa magazeti ya zamani yaliyofungiwa misumari dukani. Watu walinipigia makofi. Mama hakuja kunisikiliza hata mara moja. Alikuwa kazini, ameinama.

Na hilo hodhi hakuruhusiwa kulitia hata unyayo. Kuna siku mgongo ulimkatika akiwa amelipigia magoti, akaomba akae kidogo kwenye maji ya moto. Mwenye nyumba akamjibu kwa upole, upole wao ule: "Hapana, mama. Hodhi litachubuka."

Hodhi litachubuka! Mimi nimeingia mvi, neno hilo halijaota hata unywele mweupe.

Juzijuzi wenye nyumba wamebomoa bafu lao waweke la vioo. Fundi bomba akaliwahi hodhi kabla halijaenda jalalani, akaniletea kwa mkokoteni. Lilikuwa limeshika umanjano, na upande wa kichwani lina mkwaruzo. Wakati huo mama alikuwa anaishi kwangu. Akili ilikuwa imeanza kumtoroka: jina la dada lilikuja na kuondoka, langu lilishaondoka moja kwa moja. Daktari naye alitwambia moyo wake umechoka, tujiandae.

Nikataka kitu kimoja tu: mama alale ndani ya hodhi lile, maji ya moto yamfike shingoni, kabla hajatuacha.

Nikalisafisha kama nilivyosikia utotoni. Penye umanjano nikapaka soda ya kuokea iliyokorogwa na maji, nikaiacha ikae, nikafuta. Mkwaruzo nikaupitisha msasa laini uliolowa, taratibu, kisha nikaung'arisha kwa nta ya magari. Dada akaja kusimama mlangoni.

"Kamanda! Leo wewe ndiye unayembembeleza Akriliki?"

"Chemsha maji wewe."

"Sawa, bosi." Aliliongeza hilo *bosi* makusudi, aniumize. Akafaulu.

Asubuhi tukalijaza sufuria kwa sufuria. Tukamleta mama tumemshika mikono. Alipoliona, uso wake ukafunguka kama mtu aliyekutana na ndugu stendi.

"Akriliki!" akasema.

Jina langu hana. La huyo analo.

"Ingia, mama. Maji yako haya."

Akarudi nyuma. "Hilo la watu, baba. Unataka nifukuzwe?"

"Ni lako. Nimekuletea mimi."

"Wewe ndiyo umeandikwa kazi leo, eh? Mwone! Utaponza wenzio."

Tulibembeleza, tuliapa, dada alichota maji akajimwagia aonyeshe hayana mwenyewe. Wapi. Kisha dada akaninong'oneza: "Mwamuru. Fanya ile sauti ya mwenye nyumba. Atatii."

Na kweli angetii. Sauti ile naijua. Nimeiigiza juu ya makreti miaka yote, watu wakashika mbavu. Nikafungua mdomo. Nikamwona mama amenitazama, mikono ameikunja mbele, anangoja amri. Nikaufunga mdomo.

Mama akapiga magoti mwenyewe. Akapandisha mkono wa gauni, akatumbukiza mkono kupima joto, mpaka kwenye kiwiko. Akauacha humo. Macho yakafumba, mabega yakashuka. Halafu akashtuka, akautoa, akautazama mlango kama mwizi, akachukua kitambaa akaanza kufuta ukingo.

Nikapiga magoti kando yake, nikafuta pamoja naye.

"Taratibu," akaniambia. "Ana ngozi laini."

"Ndiyo, mama."

"Unafuta vizuri. Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Masikini," akasema, akiukamua ule mkono wa gauni uliolowa. "Mwambie apumzike."

Mwezi haukuisha akatuacha. Ni mkono mmoja tu ulioonja maji yale.

Tulipotoka kumzika, dada akaleta nyundo uani. "Tulipasue," akasema. "Nikiliona naumwa." Nikaipokea nyundo. Niliitaka kuliko yeye. Nikainyanyua juu, nikalenga pale pale palipokuwa na mkwaruzo, nikasikia mdomo wangu unasema, bila mimi kuuruhusu:

"Litachubuka."

Dada akaniangalia. Nikaiweka nyundo chini, nikaenda kutafuta kitambaa.