Chupa Yenye Fundo Moja

Mimi sipendi fundo baya. Ni ugonjwa wa kazi. Nimekaa miaka kumi na minne kwenye cherehani, na nikiona uzi umefungwa ovyoovyo mkono unaniwasha mpaka niukate na kuufunga upya. Nalisema hili mapema ili lawama zikianza kugawanywa, fungu langu liwe limeshatengwa.

Gari tulilinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Gari dogo la rangi ya damu ya mzee, viti vimechanika hapa na pale, lakini injini nzima. Mume wangu alitaka tulipeleke gereji siku hiyohiyo. Baba akakataa. Baba yangu aliendesha malori miaka thelathini na moja, na madereva wenzake walimbandika jina la Masikio kwa sababu alikuwa anasikia ugonjwa wa gari kabla halijazimika. Tangu astaafu na kuja kuishi kwetu, alikuwa anasubiri tu siku ambayo mtu angemuuliza kitu.

"Gari ya mtumba inakuja na mafuta ya mtu mwingine," alisema. "Hujui alikuwa anaweka nini. Unamwaga yote, unaanza upya. Injini, giaboksi, rejeta, breki, usukani. Na kazi hiyo haiendi gereji wakati mimi nipo hai."

"Lakini Baba, fundi si yupo hapo njia panda?" mume wangu akasema.

"Fundi gani? Yule anayeshika spana kama kijiko?"

Mume wangu akanitazama, nikatazama pembeni. Mkwe ni mkwe, hakuna wa kubishana naye.

Ijumaa Baba alimwaga oili ya injini na ya giaboksi akaweka mpya, akabadilisha maji ya rejeta, akamaliza akiwa mweusi mpaka masikioni na mwenye furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama afariki. Zikabaki breki na usukani. Mafuta yake alikuwa ameyanunua kwa kupimiwa na kuyatia kwenye chupa nyeupe zilizokuwa za sabuni ya maji, ambazo huoni kilichomo ndani. Kila chupa aliifunga shingoni uzi wake wa zamani. Huo ni mtindo wake wa tangu enzi za malori. Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nikimchagulia nyuzi: bluu ya breki, nyekundu ya usukani, kwa sababu mafuta yenyewe ya usukani ni mekundu.

Jioni ile niliingia stoo kupanga vitu. Nikakuta zile chupa mbili kwenye rafu, nyuzi zake zimechakaa, zimejaa mafundo na mikia inaning'inia. Nilisonya. Nikachukua mkasi, nikakata, nikafunga uzi mpya wa bluu kwenye ya bluu na mwekundu kwenye nyekundu, kila chupa fundo moja safi la fundi cherehani. Nikajisifu kimoyomoyo.

Jumamosi Baba akafanya breki. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva, yeye akawa anahama kutoka tairi hadi tairi, analala chini, anafungulia mafuta ya zamani yatoke.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

Mguu ulikufa ganzi. Kila baada ya tairi alifungua boneti, akajaza kikopo cha breki kutoka kwenye chupa, na boneti lilipokuwa limeinuliwa mimi sikuona kitu. Mara moja tu alitoka nyuma ya boneti akasimama, anasugua kidole gumba na cha shahada. Nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," akasema. "Kanyaga."

Usukani akauahirisha, mgongo ulikuwa umegoma.

Jumapili asubuhi mume wangu akapakia sare arobaini za shule iliyo ng'ambo ya mlima. Binti yetu wa miaka saba akang'ang'ania kwenda, akapanda na viatu vya kutokea. Waliondoka saa tatu kasorobo wakipiga honi mtaa mzima kama bwana harusi. Mimi nikakaa kwenye mashine. Zilipopita kama dakika arobaini, Baba akaja akasimama mlangoni.

"Nipe uzi kidogo, mwanangu. Ile chupa ya usukani nataka niifunge vizuri. Naona mafundo yamefunguka."

"Hayajafunguka, nimeyakata mimi. Nimekufungia upya zote mbili, bluu na nyekundu, moja moja."

Nikaendelea na mshono wangu, kisha nikainua kichwa. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Moja moja nini?"

"Fundo moja moja. Baba, vipi?"

"Breki ni fundo moja," akasema polepole. "Usukani mawili. Jana nilipapasa ya kwanza nikakuta moja. Sikuigusa ya pili."

"Sasa kupapasa kwa nini? Si kuna rangi?"

"Stoo kuna giza."

Stoo yetu ina dirisha, lakini wakati huo dirisha halikuwa hoja. Niliruka kutoka kwenye kiti, nikakimbilia ile rafu. Chupa yenye uzi wa bluu ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Ile yenye uzi mwekundu nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi. Nikaifungua, nikadondosha tone kiganjani. Jekundu. Jekundu pyu, hata mtoto asingekosea, na Baba alikuwa ameyamwaga mafuta haya kwenye breki za gari langu saa sita mchana, juani.

Nilirudi na chupa mkononi.

"Baba, haya yakiingia kwenye breki yanafanya nini?"

"Mipira ya ndani inavimba." Sauti yake ilikuwa kavu, ya kazini. "Jana isingeonekana. Imelala usiku kucha. Leo breki zitaanza kushika zenyewe, gari itakuwa nzito. Atadhani ni mlima, atakanyaga mafuta. Zitapata moto. Zikishachemka, pedeli inazama, hakuna kitu."

"Inazama wapi?"

"Huko juu, au kwenye mteremko."

Mteremko ule kila mtu anaujua. Kilomita kumi na mbili za kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu. Nikashika simu. Mume wangu akiendesha simu huizima, na sheria hiyo niliiweka mimi mwenyewe kwa kelele na vitisho. Nikapiga mara tano hata hivyo. Mara tano yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia namba haipatikani, na mara ya tano nikamtukana.

"Nitakodi pikipiki," nikasema. "Nitawawahi."

"Huwawahi. Wameshaanza kupanda." Baba akaja akakaa kwenye stuli ya wateja. "Yupo Pipa. Anauza maji kileleni, pale malori yanaposimama kupoza breki. Piga namba hii."

Akaitaja kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine, bila kukosea. Nikamnyooshea simu apige mwenyewe. Hakuichukua mkononi.

"Piga wewe," akasema.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Ikaita, ikaita, ikaita tena.

"Nani?"

"Pipa, ni Masikio."

"Masikio! Bado hujafa wewe?"

"Sikiliza. Kuna gari ndogo inapanda, ina mwanamume na mtoto wa kike. Haina breki. Isiguse mteremko. Umesikia? Isimamishe kabla haijaanza kushuka."

Utani ukakatika hapohapo. "Gari gani? Rangi?"

"Nyeusi," Baba akasema.

Nilimtazama. Gari lilikuwa limekaa uani siku tatu. Alikuwa amelizunguka, amelala chini yake, ameliosha kwa mikono yake miwili.

"Damu ya mzee!" nikapiga kelele. "Siyo nyeusi, ni damu ya mzee! Baba, ni damu ya mzee!"

"Damu ya mzee," Pipa akarudia. "Usikate simu."

Tulisikia hatua zake, tukasikia lori likipumua, watu wakibishana bei ya maji. Niliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Nilikuwa naliona lile gauni la njano alilovaa mwanangu, naona mguu wake usiofika chini ukichezacheza kwenye kiti cha mbele. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuuma chuma. Nikachukua roli mbili za uzi kutoka kwenye kikapu, nikazinyanyua mbele ya uso wa Baba.

"Ipi nyekundu?"

Akanyoosha mkono azipapase, nikazirudisha nyuma.

"Baba, nakuuliza. Ipi nyekundu?"

"Usinifanyie hivyo, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu." Macho yake yalikuwa yameelekea kwenye roli, yakazipita, yakaishia ukutani. "Jana vidole viliniambia. Mafuta ya usukani yanateleza zaidi. Nilijua kuna kitu. Ningekuita uangalie, ungeniuliza kwa nini siangalii mwenyewe."

"Kwa hiyo ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Nilizitupa zile roli zikabingirika chini ya mashine. Nilitaka kumwambia neno ambalo nisingeweza kulirudisha, lilikuwa limeshafika kwenye meno, na kilichoniokoa ni sauti ya Pipa.

"Naiona! Inakuja, inatoa moshi tairi za mbele. Wee! Simama! Simama! Nasukuma pipa barabarani."

Kikasikika kishindo cha pipa la bati likigonga lami. Maji yakamwagika. Honi ndefu. Mtu akapiga ukelele, kisha kitu kikakwaruza, kisha simu ikatoa mlio wa upepo mtupu. Baba alikuwa amenishika kiwiko. Sikumbuki alinishika saa ngapi, ila alama za vidole vyake zilikaa siku mbili.

"Pipa," akaita. "Pipa, sema."

Upepo tu.

"Pipa!"

"Imesimama." Alikuwa anahema. "Imelipiga pipa langu, imesimama. Mtoto mzima. Baba yake huyu hapa, anataka kunipiga ngumi."

Nikakaa chini palepale kwenye vipande vya vitambaa. Mume wangu akapewa simu, moto unamwakia.

"Mke wangu, huyu mzee ni kichaa? Anaweka pipa katikati ya barabara! Ningemuua!"

"Rudi kwenye gari," nikamwambia. "Kanyaga breki."

"Za nini? Nimesimama kwa kuvuta handibreki, ile pedeli..."

"Kanyaga, nakwambia."

Nikasikia mlango. Aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine.

"Inazama mpaka chini," akasema. "Nilidhani nimekanyaga vibaya."

Kwa nyuma binti yangu alikuwa anauliza kama yale maji ni ya bure.

Jumatatu gari lilivutwa mpaka kwa fundi wa njia panda, yule wa kijiko. Baba akasema anakuja. Nikamwambia hakuna haja, akavaa kofia. Tangu jana yake tulikuwa tumeongea mambo ya chumvi na mlango tu. Mume wangu alikuwa ameshaambiwa yote, na alichosema ni kwamba kila mtu mle ndani alikuwa na lake, hata yeye na simu yake. Jumapili hiyo akaenda kulala saa mbili usiku.

Fundi alifungua kikopo cha breki, akachovya kidole, akakinusa. Akafungua pampu, akatoa kipira kimoja kilichovimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki.

"Loo! Nani kaweka oili ya usukani kwenye breki? Mipira yote hii ni ya kutupa. Nani huyo?"

Nilikuwa nimeshajiandaa. Ningesema ni mimi, mwanamke wa cherehani anajua nini kuhusu magari, tucheke, yaishe. Nikafungua mdomo.

"Mimi," Baba akasema. "Sioni."

Fundi akamtazama, akanitazama mimi.

"Nilikuwa dereva," Baba akaendelea, akiwa amesimama wima kama yuko mbele ya trafiki. "Sasa sioni. Rangi sizioni kabisa, na vingine naona vivuli tu. Nilimwaga chupa ambayo siyo, na mjukuu wangu akapanda hiyo gari."

"Mafundo niliyakata mimi," nikasema.

Fundi hakuelewa habari ya mafundo. Aliinama, akautwaa mkono wa Baba, akamwekea kile kipira kiganjani. Baba akakizungusha taratibu, akakibonyeza ukingo.

"Naam," akasema. "Kimekwisha hiki."

"Tutaosha mfumo wote, mzee. Tutabadilisha mipira, tutaweka mafuta mapya, halafu tutafungulia tairi kwa tairi. Utanisaidia kusikiliza." Fundi akalala chini ya gari, akanyoosha mkono nje bila kutazama. "Nipe spana namba kumi."

Nilipiga hatua, Baba akaninyooshea kiganja nisimame. Akachuchumaa mbele ya sanduku la vyuma, akaingiza mkono, akapapasa mara moja tu, akamkabidhi. Ilikuwa namba kumi.