Pikolo Iliyong'arishwa

Mtu akikuambia kwamba upendo hauharibu kitu, mlete kwangu hapa Masumbwe nimwonyeshe pikolo aliyokuwa akipiga mdogo wangu Febronia.

Ni filimbi fupi ya fedha, mali ya bendi ya parokia, iliyoachwa na padri mmoja mzee. Siku moja nilimtania mwalimu wa bendi, Mwalimu Leodgar, kwamba wengine wamepewa filimbi na klarineti za maana, dada yangu kapewa kitoto cha filimbi. Hakucheka.

"Masalu, klarineti ziko nne. Mmoja akikosea, wenzake wanamfunika. Pikolo inapiga juu ya wote na iko peke yake. Ikikosea, kanisa zima linajua. Ikinyamaza, wimbo unakuwa nyumba isiyo na paa."

Febronia aliipiga miaka mitano. Mimi niko machimboni tangu nimalize darasa la saba, na niliapa mbele ya kaburi la mama kwamba yeye hatakanyaga kule. Alikuwa amemaliza shule, na ada ya kumsomesha zaidi sikuwa nayo. Basi tuliposikia kuwa chuo kimoja cha muziki cha Mwanza kina nafasi moja ya mpiga pikolo, kusoma bure na kulala bure, na kwamba walimu wake watakuja kumsikiliza Jumapili ya sikukuu ya parokia, nilifurahi kuliko siku niliyopata dhahabu yangu ya kwanza.

Jumamosi mchana alikwenda kufanya usafi kanisani, akaiacha pikolo mezani. Ilikuwa imefubaa, nyeusi nyeusi. Nikaona aibu. Sisi wachimbaji, fedha ikifubaa, tunajua dawa yake: zebaki, hiyo hiyo tunayokamatishia dhahabu. Tone moja kwenye kitambaa, unasugua, pete inarudi kama imetoka dukani. Nimeng'arisha pete nyingi. Ila pete haina vibonyezo wala springi, na hilo kichwa changu hiki cha kuvalia kofia hakikuliwaza.

Iling'aa! Febronia aliporudi alinikumbatia.

Asubuhi ya Jumapili kibonyezo cha kwanza kiligoma. Cha pili kilikatika mkononi mwake. Mwalimu Leodgar aliinama kuitazama mkononi mwake, akaona ukungu wa kijivu umetanda kila mahali.

"Mmeipaka nini?"

"Zebaki, Mwalimu," nikasema.

Alimnyang'anya Febronia ile pikolo kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Zebaki inakula fedha, Masalu! Na hii ni sumu. Haiwekwi tena mdomoni mwa mtu."

Pikolo nyingine hatuna. Akampa filimbi kubwa, akae na wenzake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Nilisimama mlangoni mwa kanisa nimetega masikio misa nzima. Febronia alipiga vizuri, niliona vidole vyake vikienda, lakini sauti yake ilikuwa chini, katikati ya zile klarineti. Mimi kaka yake sikumsikia.

Baada ya misa wale wageni wa chuo waliuliza mpiga pikolo yuko wapi. Walisikiliza habari yote, wakampa pole. Wapiga filimbi wanao tele, wakasema, na Kahama kuna binti mwingine wa pikolo anawasubiri. Wakapanda gari.

Nyumbani nilimpigia magoti. "Nitukane basi, Febronia."

"Nikutukane kwa lipi, kaka? Ulitaka nipendeze."

Heri angenizaba kofi. Hadi leo nasema, heri angenizaba kofi.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilimwona anakuja machimboni. Amejifunga kanga kiunoni, amevaa viatu vya mvua vya marehemu mama, mkononi ana nyundo. Aliwasalimia wenzangu wote, shikamoo kwa kila mtu mzima, kisha akasimama mbele yangu.

"Kaka, wanawake wanaoponda mawe wanakaa upande gani?"

Nilitaka kumfukuza. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini nimfukuze aende wapi?

Nikamwonyesha kwa kidole.