Maziwa ni ya Asubuhi

Mume wangu ana mazuri mengi na baya moja. Ni seremala ambaye mlango wa kabati lake haulii, hanywi, hanipigi, na jua likizama yuko nyumbani. Lakini neno "sijui" lilikuwa halijawahi kumtoka mdomoni. Ukimuuliza njia ya mahali asikowahi kufika atakuelekeza, na atakutajia mpaka duka la kukunjia kona. Watu wa mtaani walimbandika jina la Najua tangu tukiwa vijana, naye akalipokea kwa mikono miwili. Hata kibao cha karakana yake kimeandikwa NAJUA SAMANI kwa rangi nyekundu.

Kazi yangu mimi katika ndoa hii imekuwa kupita nyuma yake nikifunikafunika. Akimpoteza mgeni, natoka nje nikijifanya namwaga maji, kisha namnong'oneza mgeni njia ya kweli. Akifungua redio ikafa, naipeleka kwa fundi kimyakimya, na ikirudi nasema imepona yenyewe, naye anatikisa kichwa kama daktari. Nilikuwa naiita heshima. Tangu Jumamosi iliyopita sijui tena niiite nini.

Siku hiyo tulikuwa tunakutana kwa mara ya kwanza na baba wa mchumba wa mwanangu. Binti mwenyewe ni muuguzi, mpole wa maneno lakini macho yake hayakosi kitu. Alifiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na baba tu, fundi wa kuchomelea mageti. Mwanangu alikuwa ameninong'oneza jikoni kwamba zamani pombe ilimmaliza yule mzee, ikamlia karakana na nusura imtenge na binti yake. Kisha akaacha, na sasa hagusi hata tone.

"Usimwambie baba, mama. Atamtolea hotuba."

Ni kweli angetoa. Nikafunga mdomo.

Mahali alichagua binti: mkahawa mdogo wa kahawa za Kiitaliano, ng'ambo ya hospitali anakofanya kazi. Alisema pale hakuna mwenyeji wala mgeni, kila mtu atakaa kwa raha yake. Aliyekosa raha ni mume wangu. Mwanangu alijitolea kumweleza majina ya vinywaji, akajibiwa, "Kahawa nimeanza kunywa wewe hujazaliwa." Lakini najua alikwenda kumchokonoa kinyozi wake, maana alirudi na jambo moja: Waitaliano hawanywi kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana. Maziwa ni ya asubuhi. Alitembea na jambo hilo kama mtoto mwenye viatu vipya. Alinipa mimi jikoni, akampa jirani uani, akawapa na mafundi wake huku wakipiga randa.

Tulipofika, baba wa binti alikuwa ameshakaa. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na mikono yake ilijaa vikovu vya cheche. Akainuka, akampa mume wangu mikono yote miwili.

"Karibu sana, mzee mwenzangu. Mimi mambo ya kahawa hizi ni mgeni kabisa. Leo nakufuata wewe."

Mtu mwingine angesema, "Basi tupo wawili, tuulize." Mume wangu alivuta kiti, akakaa, akageuza shingo kuutazama ubao mweusi wa vinywaji uliokuwa ukutani kama mtu anayesoma gazeti la jana.

Watoto walikuwa wamekwenda kwenye kabati la kioo kuchagua keki. Mhudumu akaja, msichana mwenye aproni nyeusi, akatuamkia vizuri.

"Niwaeleze vinywaji vyetu?"

"Hakuna haja," mume wangu akasema.

Mimi nilikuwa nimeona meza ya pili kikombe kipana chenye povu limevimba juu, nikakitamani. Nikauliza kama ile ndiyo kapuchino.

"Saa tisa hii?" mume wangu akacheka, akimgeukia mgeni wetu ili acheke naye. "Mama, maziwa ni ya asubuhi. Waitaliano watakushangaa."

Hakukuwa na Mwitaliano hata mmoja mle ndani. Baba wa binti akatabasamu kwa adabu na mimi nikakiondolea kikombe kile macho.

Nilimsoma mume wangu akili, kama kawaida yangu. Kapuchino, late na makiato alizifuta kwa macho, maana kinyozi alishamtajia zote ni za maziwa. Zikabaki mbili. Espreso aliiona meza ya jirani, kikombe cha kuchezea watoto, na kumkaribisha mkwe kwa kikombe kile aliona ni ubahili. Ikabaki iliyoandikwa chini kabisa ya ubao.

"Tuletee koreto," akasema. "Wote."

"Mzee, koreto ina—"

"Naijua, binti yangu. Lete."

"Sawa, mzee. Nilitaka tu kusema kwamba ndani yake—"

"Sasa wewe ndiye wa kunifundisha mimi kahawa?" Alisema huku akicheka, lakini mhudumu alifunga kitabu chake kidogo.

Kisha msichana akanitazama mimi. Alinitazama kwa makusudi, na nilielewa anachoniomba. Maneno mawili tu yangetosha: ina nini? Nikafungua mkoba, nikaanza kutafuta leso ambayo sikuwa na haja nayo. Niliposikia hatua zake zinarudi kaunta, nikaufunga.

Watoto walirudi na keki, na koreto nazo zikaja. Vikombe vilikuwa vilevile vya kuchezea watoto. Mume wangu akakohoa. Ningecheka, kama harufu isingenifikia. Nyumbani kwetu kila mtu anaijua, maana inafanana na ya spiriti anayochanganyia vanishi. Nikamwangalia mume wangu. Pua yake inaishi na harufu hiyo. Iliipata kabla ya yangu. Nilimwona akitambua. Kisha nikamwona akiamua.

"Karibuni," akasema. "Ndivyo inavyonywewa."

Baba wa binti alikuwa amesema atamfuata, naye akafuata. Akainua kikombe. Kilipokaribia pua kikasimama hapo. Mkono ule unaoshika moto wa kuchomelea kutwa nzima ukaanza kutetemeka, kahawa ikamwagikia kisahani. Binti yake akamshika goti.

"Baba," alisema, taratibu sana.

Mzee akakiweka kikombe chini. Akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka katikati ya meza.

"Mzee mwenzangu, nisamehe," akasema. "Nakuvunjia heshima na sikutaka. Mimi nilikuwa mlevi. Sisemi mlevi wa kuchangamka, nasema mlevi wa kulala mtaroni. Huyu binti alikuwa ananiokota huko akiwa na sare za shule. Kikombe ni kidogo, wewe hakitakufanya kitu. Lakini mimi nikikimaliza, sijui kesho mtanikuta wapi."

Alilisema neno lile "sijui" kirahisi, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Na aliyekuwa anaomba msamaha ni yeye. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamtazama mume wangu, nikisubiri. Ilikuwa nafasi yake. Aseme tu, "Sikujua, ndugu yangu," na yote yangepita. Akageuka, akampungia mhudumu mkono, na msichana akaja mbiombio.

"Kwa nini hukutuambia hii ina pombe?" akamfokea. "Mnawawekea watu pombe bila kusema? Ndiyo kazi gani hiyo?"

Watu wa meza za jirani wakageuka. Mhudumu akafungua mdomo, akaufumba. "Samahani, mzee," akasema, akaanza kukusanya vikombe. Mwanangu alikuwa anatazama keki yake. Nilikitambua kichwa kile kilichoinama, kwa sababu ni changu, alijifunza kwangu.

Binti hakumtazama mume wangu wala mchumba wake. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwepo tulipoagiza, lakini alitaka kujua, na alijua wa kumuuliza ni nani. Nikaona waziwazi kwamba yule msichana anapima nyumba atakayoolewa, na anaipima kwa kumtazama mwanamke anayeishi humo.

"Alijaribu kusema," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mara mbili. Mume wangu alimkatiza, na mimi nikakaa kimya. Nawe mhudumu, tusamehe. Vinywaji hivi sisi hatuvijui. Hebu tueleze, tangu mwanzo."

Mume wangu aligeuza kichwa kunitazama. Katika ndoa yetu yote sijawahi kuuona uso ule. Hasira ningeijua. Yule alikuwa mtu aliyeegemea ukuta, ukuta ukaondoka.

Mhudumu alieleza akiwa amesimama palepale na trei mkononi. Alisema espreso ndiyo mama wa zote, maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu kwenye kahawa iliyosagwa laini, ndiyo maana inakuwa kidogo na kali. Ukiitia doa la maziwa ni makiato, ukiitia maziwa na povu la kutosha ni kapuchino, maziwa yakizidi ni late. Koreto ni espreso iliyotiwa pombe kali.

"Na maziwa mchana?" akauliza baba wa binti.

"Kule kwao wengi wanaona kapuchino ni ya asubuhi. Hapa hatumfukuzi mtu."

Mzee akacheka, cheko la kweli, akaagiza kapuchino. Nami nikaagiza, na watoto vilevile. Mhudumu akamgeukia mume wangu, akasubiri. Mume wangu alikuwa anaangalia meza.

"Kama ya mwenzangu," akasema, kwa sauti ya chini mpaka msichana akainama kumsikia.

Aliinywa yote. Povu likamkaa kwenye masharubu na hakulifuta, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Tulipoagana, baba wa binti akamshika bega, akamwambia tuonane tena. Binti akanikumbatia mimi kwa muda mrefu. Mwanangu alisema atamsindikiza mchumba wake, akaondoka bila kumtazama baba yake.

Nyumbani mume wangu alikaa sebuleni na viatu vyake miguuni, televisheni imezimwa. Nilipoleta chai hakuishika.

"Ulijua?" akauliza.

"Nini?"

"Kwamba sijui."

Ndiyo mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitoka kwake, na lilitoka kwa namna ile.

"Nilijua," nikasema.

"Na ile redio?"

"Niliipeleka kwa fundi."

Akatikisa kichwa polepole. "Na watu wengine? Wanajua?"

Nilishafungua mdomo kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umezoea njia. Lakini nilikumbuka mkono wa yule mzee, kahawa ikimwagika.

"Wanajua," nikasema. "Kwa nini unafikiri walikuita Najua?"

Aliinua macho. Nikaona akirudi nyuma mwaka hadi mwaka, akiwapitia watu wote waliowahi kumwita hivyo, mafundi, wateja, kinyozi, watoto wanaokimbia mbele ya karakana wakipiga kelele za jina lake.

"Wale watoto," akasema. "Mimi huwapungia mkono."

Nikakisogeza kikombe cha chai karibu naye.

"Kibao kile ulikipeleka wewe kwa mchoraji. Nilikuwa naumwa, ukakipeleka wewe."

"Ndiyo."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Na kila asubuhi napita chini yake, na wewe unaniaga mlangoni."

Nilitaka kumwambia ilikuwa heshima. Neno lilinifika kooni, likakataa kutoka, kwa sababu nilishaliona lilivyomfanya, ameketi pale na viatu vyake, povu lililokauka bado liko kwenye masharubu. Hata hilo sikuwa nimemwambia.

Nikachukua leso kwenye mkoba, nikamfuta. Akaniacha nimfute, na macho akayageuza pembeni.