Viboksi vya Kambi ya Ocotillo

Kitu cha kwanza alichokiona Kaylene ni kile kitambaa. Kila picha ilipoganda kwenye simu, Mzee Orrin alitoa kitambaa mfukoni akafuta kioo taratibu, kana kwamba tatizo ni vumbi la Arizona. Kisha akasubiri.

Mzee Orrin alikuwa kiziwi tangu utotoni. Yeye na bintiye Junie, aliyekuwa Oregon, walizungumza kwa mikono, na picha ikiganda mikono nayo huganda, neno likabaki nusu. Alhamisi saa tatu asubuhi Junie angepasuliwa moyo. Mapafu ya mzee hayakumruhusu kusafiri. Alichotaka ni dakika kumi tu za kuonana naye kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Kaylene alikuwa akisafisha mabafu ya kambi ile ya magari-nyumba, na alilala kwenye tela dogo nyuma ya chumba cha kufulia. Hakuwa msemaji. Lakini Jumanne, ndoo ingali mkononi, alimfuata Mama Verna akamweleza habari za mzee.

Verna alikuwa na miaka sabini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo aliitumia kama fundi juu ya nguzo za simu. Hakusema maskini wala pole. Alivaa kofia, akashika simu yake iliyoonyesha kila mtambo wa mtandao uliokuwa karibu, akaanza kupita safu moja ya magari baada ya nyingine, Kaylene nyuma yake. Walipomaliza kambi nzima akacheka peke yake.

"Mtambo wa ofisini mzima kabisa. Ugonjwa ni sisi. Kila mtu kaona mtandao dhaifu, kaenda kununua kiboksi chake cha kuongeza nguvu. Vipo arobaini na kimoja, binti yangu, vyote vinapiga kelele pamoja. Nani atamsikia nani?"

Saa kumi jioni, watu walipokusanyika na viti vyao vya kukunja na vinywaji mbele ya basi-nyumba la Hank Dufresne, kama kawaida yao, Verna alisimama katikati. Akawaeleza habari za Junie. Akawaambia wazime viboksi, vyote.

"Hee, Verna!" alisema Hank. "Mimi natazama mpira. Unataka nitazame nini, mawe?"

"Timu yako inafungwa hata mtandao ukiwa mzuri, Hank. Nakuepusha na aibu."

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wa Hank. "Mzee mzima unalilia kiboksi! Nenda kakizime, usinitie haya."

Hank akaenda, akinung'unika. Wengine wakafuata, mmoja leo, mwingine kesho yake. Verna hakugombana na mtu. Alikunywa kahawa ya kila mlango na kusikiliza habari za kila goti bovu, na alipoondoka, kiboksi kilikuwa kimezimwa. Kaylene alimtazama akastaajabu. Hakujua kama mtu anaweza kuwaendesha watu hivyo bila kupandisha sauti.

Jumatano mchana Verna alisimama karibu na chumba cha kufulia, macho kwenye simu.

"Kimebaki kimoja."

Kaylene alikijua. Kilikuwa chini ya kitanda chake. Aliacha shule darasa la nne, wazazi wake walipokuwa wakifuata mavuno ya viazisukari jimbo hadi jimbo, na sasa kila jioni mwalimu mmoja kwenye simu alimfundisha kusoma maneno aliyozoea kuyaruka. Bila kiboksi, mtandao haukupenya ule ukuta wa matofali wa chumba cha kufulia. Hakuna aliyejua jambo hilo, na alikusudia iwe hivyo.

Verna alitazama tela. Kisha akatazama milima.

"Miguu inaniuma. Nakwenda kupumzika kidogo. Nikirudi, sidhani kama nitakikuta."

Akaondoka bila kugeuka. Kaylene akaingia ndani, akachomoa waya.

Alhamisi asubuhi kambi nzima ilipata kazi karibu na meza ya Mzee Orrin. Hank alifagia changarawe. Kaylene alisugua bomba lililokwisha takata. Junie akatokea kwenye simu, kavaa gauni la hospitali, na mikono yake ikaanza kwenda, ikaenda, haikuganda hata mara moja. Baba alijibu, akacheka, akalia, vidole vikiendelea kusema katikati ya machozi. Dakika kumi zikawa ishirini, mpaka nesi alipokuja kumchukua.

Saa tisa ujumbe ukafika: Junie katoka salama. Hank akapiga honi ya basi lake mpaka mbwa wote wakabweka. Mzee Orrin akaweka kiganja ubavuni mwa basi, akaisikia honi kwa mkono.

Verna alikuwa kaketi kwenye ngazi ya chumba cha kufulia, anavua viatu. Kaylene akaja, akasimama mbele yake.

"Mama Verna," alisema. "Kile cha mwisho kilikuwa changu. Najifunza kusoma."