Shahidi Kutoka Jikoni

Mwenye bucha alisimama kizimbani amekunja uso, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. Alishtakiwa kwa kuuza nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa, nyama ambayo mkaguzi hakuiona wala haikupigwa muhuri. Watu kumi na wawili wa mtaani walikuwa wamelazwa kwa kuharisha.

"Hata mimi nilidanganywa," alisema. Moyoni alikuwa na hakika kwamba atatozwa faini tu, kesho arudi kwenye gogo lake la kukatia nyama.

Ndipo mwendesha mashtaka akamwita mama mkwe wa mwenye bucha, aliyekuwa akiishi nyumba moja na mkwewe. Mwenye bucha alimkata jicho, lakini bibi hakutikisika.

"Siku nyama hiyo ilipouzwa, nyumbani kwenu mlikula nini?"

"Maharage. Kwetu nyama haikosekani, lakini siku ile mkwe wangu alikataza hata kipande kisiingie jikoni."

Hakimu hakumpa nafasi ya faini. Alimfunga mwaka mmoja na kuamuru bucha lifungwe.

Askari walipokuwa wakimtoa, alisimama mbele ya mama mkwe. "Mama, umenimaliza. Sasa mwanao na wajukuu wako watalishwa na nani?"

"Nitawalisha mimi," alijibu bibi bila kumtazama. "Nenda katumikie kifungo chako."

Mkewe alikuwa mlangoni. Aliwapisha askari wapite, kisha akageukia ukutani mpaka mumewe alipokwisha kupita.