Wangu, si Yangu

Upepo ulipoezua paa la ofisi ya chama chetu cha historia za koo, mwenyekiti aliamua tufanye mnada wa hisani. Watu wakaleta walichokuwa tayari kuachana nacho: saa ya ukutani iliyogoma, birika lisilo na kifuniko, viti vya kuchechemea. Mjane wa mpiga picha akaleta picha zilizobaki studio kwa marehemu mumewe. Dalali wa samani kuukuu alijitolea kunadi bila malipo, na kelele zake zilikuwa za kutosha soko zima.

Pembeni yangu alikaa mshonaji mmoja, mgeni. Alifuata picha moja tu: mwanamke kijana aliyeegemea cherehani. Mjane alikuwa amemwambia, "Huyo ndiye mama yako." Mama alifariki mtoto angali ananyonya, baba akahama naye, na upande wa mama haukutajwa tena nyumbani. Sura ile hakuwahi kuiona. Pesa zake alizifunga kwenye pindo la leso, na hakuliachia fundo lile hata alipopiga chafya.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Ikionyeshwa picha ya zamani, anayemtambua mtu aliyemo hunyoosha mkono na kusema, "Wangu!" Wakitokea wawili, kila mmoja hunyoosha tena na kutaja undugu. Tumezoea hivyo mpaka hakuna aliyekumbuka kumwambia dalali.

Dalali akainua picha, akataja bei ya kuanzia. Mshonaji hajafumbua mdomo, mwoka mikate wetu, tunayemwita Bwana Unga, kashanyoosha mkono kule mbele.

"Wangu!"

"Na mimi, wangu!" akadakia muuguzi mstaafu, ambaye hajawahi kuona picha isiyo na ndugu yake ndani.

Bei ikapanda.

"Dada yangu huyo, tumbo moja!"

"Shangazi yangu!"

Ikapanda tena. Anayetaka picha angesema "yangu", nani asiyejua? Lakini dalali alikuwa anatazama mikono, mambo ya ngeli hayakumhusu. Mshonaji naye alisikia bei tu. Ilipolipita fundo lake aliinamisha kichwa, nami nikamhurumia kwa kweli.

"Imeuzwa kwa mzee wa mbele! Lipa pale mezani."

"Nilipe nini?" Bwana Unga akashangaa. "Nimesema ni dada yangu. Nani kasema nanunua?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mwenyekiti hakucheka, alikuwa anawaza mabati. Mshonaji aliinua kichwa, akasimama.

"Shikamoo mzee. Huyo dada yako aliacha mtoto?"

"Marahaba. Aliacha binti mchanga. Baba yake akahama naye, hatukuambiwa wapi." Bwana Unga alijibu bila kugeuka, kama anayejibu swali alilokwisha kulizoea. "Unadhani hapa nafuata nini kila mkutano? Namtafuta huyo."

 Mshonaji alinitazama mimi, nikamwonyesha kwa ishara anyooshe mkono kama wao. Basi akanyoosha mkono, ule wenye leso.

"Wangu," alisema.

Bwana Unga akageuka.

"Samahani mama," dalali akamwambia, "umechelewa. Imeshauzwa."