Mtaro Uliochimbwa Kimya

Ndeti hakuwa na sugu mkononi, hakuwa na shukrani, hakuwa na masikio ya kumsikia mkubwa, wala hakuwa na haya. Tai alikuwa nayo, na mwaka ule wa 1979 hakuivua hata akila muthokoi.

Alirudi kijijini kwao Nunguni kutoka chuo kikuu na nakala ya tasnifu yake juu ya nyimbo za mwethya, lile kundi la akina mama wanaochimbiana mitaro ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nakala nyingine ilikuwa kwa mwalimu wake, ikingoja kupitishwa. Jumapili baada ya kanisa aliwakalisha akina mama nyumbani kwa mama yake, Kalunde, akawasomea ili wamstaajabie.

Nyimbo zote zilikuwa za Mbinya, jirani yao. Mbinya ndiye aliyezitunga, na ndiye aliyemwimbia Ndeti likizo nzima huku akimnywesha uji. Lakini chini ya kila wimbo msomi wetu aliweka jina la Mzungu, kitabu chake na ukurasa. Kitabu chenyewe kilisema tu kwamba Wakamba hupenda kuimba. Wimbo hata mmoja hakikuwa nao.

"Huyo Mzungu alichimba shamba la nani?" Mbinya akauliza. Wenzake wakacheka.

Ndeti akawaeleza, kama mtu anayefundisha mbuzi kusoma, kwamba chuoni jambo huthibitishwa kwa kitabu. Jina la mwanamke wa jembe halithibitishi kitu.

"Sawa, mwanangu. Alhamisi ni zamu ya mama yako. Tutakuja, maana jembe ni deni. Nyimbo mwombeni Mzungu," Mbinya akasema.

Alhamisi walikuja, wakachimba tangu asubuhi bila sauti. Kule kwetu kinachochimbwa kimya ni kaburi. Wapita njia walivua kofia wakauliza nani amefariki. Kalunde aliwajibu wawili. Wa tatu alipouliza, akaingia ndani akamwambia mwanawe arekebishe alichoharibu, kwani yeye mama ndiye atakayeendelea kuishi na wanawake wale.

Ndeti alinung'unika kwamba tasnifu ikirudishwa hatavaa joho mwaka huo. Kisha akamwandikia mwalimu wake, na hata hapo akaleta ujanja: nyimbo, alisema, zilitoka kwa mwanamke mmoja wa kijijini. Kalunde hakujua kusoma, lakini alimwamuru asome kwa sauti.

"Mwanamke mmoja ndiye nani? Wewe nilikupa jina hata hujaanza kutambaa. Mwandike, au utafute pengine pa kulala."

Akaandika upya: Mbinya wa Kisilu, mtungaji, Nunguni, mwezi aliomwimbia, na kwamba yule Mzungu aondolewe kila mahali. Mkono ulikuwa mzito, wala si kwa toba. Alikuwa akililia joho.

Alilamba gundi, akaifunga bahasha. Mama yake hakumwamini nayo. Aliishika mwenyewe hadi posta, akangoja stempu ibandikwe, akaitumbukiza sandukuni.